Kikombe cha Maji ya Spinachi

Wateja wa soko la Majengo hapa Dodoma wananikera kwa jambo moja. Mtu anakuja asubuhi, kajifunga kitenge chake kizuri, anapita kwenye mafungu ya spinachi, anachagua lenye majani makubwa kuliko yote, mapana kama ungo, halafu anaondoka anatabasamu utafikiri kaokota almasi. Weee! Jani lile limeshazeeka. Lina nyuzi, ukilitafuna meno yanafanya kibarua. Mimi nauza nyanya na vitunguu, spinachi si biashara yangu, lakini nimekaa meza moja na Raheli miaka mingi, na ninachokijua kuhusu mboga ile nimekipata kwake.

Raheli ni Mgogo wa Mvumi, mrefu, mwembamba, mtu wa maneno machache. Mimi maneno ninayo ya kumgawia yeye na soko zima. Alikuwa na matuta yake bondeni, karibu na kisima cha kuchimba kwa mkono, na kila alfajiri alichuma mwenyewe. Hakuwa anasifia mali yake kama sisi wengine tunavyopiga kelele. Mteja akija, alichukua jani moja akalikunja bua mbele ya macho yake. Bua jeupe likikatika kwa mlio, mboga imechumwa leo. Likijipinda tu bila kukatika, imelala, na Raheli iliyolala hakuuza, aliirudisha nyumbani. Mteja akilalamika kwamba majani yana matundu, alimjibu kwa upole wake ule ule.

"Mdudu naye ana akili, mama. Kibaya hali."

Kupika kwake ndiyo usiseme. Watu wa mjini bua wanatupa. Yeye alilitenga na jani, akalikatakata vipande vidogo, akalitia kwenye mafuta pamoja na kitunguu, kwa sababu bua linachelewa kuiva. Majani aliyapanga moja juu ya jingine, akayakunja kama anakunja mkeka, akayashika kwa mkono wa kushoto na kuyakata nyembamba kwa kisu bila kibao chochote. Akayatia juu ya lile bua, akamimina karanga za kutwanga, moto ukapunguzwa, sufuria ikafunikwa. Mimi nyumbani kwangu nimejaribu mara ngapi sijui. Inatoka mboga, ndiyo, lakini si ile.

Na kuna jambo jingine, hili mlishike vizuri. Raheli hakuwa anamwaga maji. Maji aliyooshea mboga aliyaacha mpaka vumbi likae chini, ya juu akayapeleka kwenye matuta. Maji aliyochemshia mboga ndiyo kabisa, hayo alipikia uji au akasongea ugali. Utotoni kwao alikuwa anakwenda korongoni na mama yake, wanafukua mchanga kwa mikono, wanakaa pembeni wanangoja maji yachuruzike, wanateka kidogokidogo kwa kata. Mtoto aliyevunja chungu alisemwa. Mtoto aliyemwaga maji alichapwa. Aliniambia hivyo mwenyewe, na ukiujua mkoa wetu huwezi kumbishia.

Mimi nilikuwa namtania kwa hilo hilo. Baba wa babu yangu alikuwa Mnyamwezi, alifika huku na misafara, kabeba mizigo ya watu begani. Wakipita Ugogo, wenye visima waliwatoza hongo ndipo wanywe. Basi tukabaki watani mpaka leo. Raheli akinipa maji ya kunywa kutoka kwenye dumu lake, nayapokea kwa mikono miwili, namwambia, "Ahsante Mgogo, leo umenipa bure, babu yangu huko aliko kashangaa." Yeye anacheka kimya kimya, mabega tu ndiyo yanatikisika.

Mume wake alikuwa Gideoni, fundi mwashi. Serikali ilipohamia Dodoma na kila mtu akaanza kujenga, Gideoni hakukosa kazi. Alikuwa mwanamume wa kelele na vicheko, kofia yake ya fundi imejaa saruji kavu, na alikuwa mlafi wa spinachi kuliko mbuzi. Jioni alipitia sokoni kumchukua mkewe, akifika tu ananichokoza.

"Mtani, bado hujarudi kwenu Tabora?"

"Nangoja unijengee nyumba, shemeji. Wewe si unajengea wenye pesa tu!"

Halafu akaanza kuvimba miguu. Kwanza tukasema ni kusimama sana juani. Ikawa uso, asubuhi anaamka kope zimejaa. Alipofika hospitali kubwa wakakuta presha imemla figo siku nyingi, kimya kimya, na figo zote mbili zimechoka. Ikabidi awe anakwenda kusafishwa damu kwa mashine. Namna walivyopata gharama ni habari nyingine, nisiianze. Ninachotaka mjue ni kwamba kuanzia siku ile Raheli alikuwa na haja moja tu duniani: Gideoni aishi. Mashine ni ya hospitali, dawa ni za daktari, lakini chakula kilikuwa mikononi mwake, na pale akaapa hatakosea.

Nilimsindikiza siku ya maelekezo ya chakula, kwa sababu Raheli ofisini anakuwa bubu na mimi mdomo ninao. Tulimkuta binti wa lishe anaitwa Ikram, mpole, ana miwani, anaamkia watu vizuri. Alitueleza taratibu. Kuna kitu kwenye mboga za majani na matunda, akasema, ambacho figo nzima zinakitoa kwenye mkojo. Figo zikichoka kinabaki kwenye damu, na kikizidi, moyo unaweza kusimama.

"Spinachi inacho kwa wingi sana, mama. Ingekuwa vizuri aiache."

Raheli akainamisha kichwa. Nikasema mimi, "Binti yangu, huyu bwana ukimnyima spinachi atakufa kwa huzuni kabla ya figo."

Ikram akacheka kidogo. "Basi iwe vijiko viwili tu, mara mojamoja. Katakata, chemsha kwenye maji mengi, chuja, kamua vizuri. Maji yale usiungie tena mboga. Ndipo uweke mafuta, uunge."

Raheli akarudia neno kwa neno, kama mtoto wa kipaimara mbele ya mchungaji. Katakata, chemsha, chuja, kamua, maji yale usiungie. Ikram akamsifu. Halafu akasema la pili: maji ya kunywa yapungue, kwa sababu mwili hauna njia ya kuyatoa. Alimwonyesha kipimo kwa kikombe kilichokuwa mezani. Raheli akakitazama kikombe kile muda mrefu.

"Kutwa nzima?"

"Kutwa nzima, mama. Na uji na chai vinahesabika humo humo."

Tukaondoka. Na yaliyofuata nayasema sasa hivi, ingawa mimi niliyajua baadaye, ili msikae mnaniuliza ilikuwaje.

Raheli alifanya kila alichoambiwa. Alikata nyembamba kuliko siku zote, akachemsha kwenye maji mengi mpaka yakawa ya kijani, akachuja, akakamua kwa viganja vyake mpaka mboga ikabaki donge. Akaiunga kwa mafuta mapya, maji yale hayakuigusa tena mboga. Lakini yale maji yenyewe yalikuwa yamebaki kwenye bakuli, ya moto, yananukia. Na mume wake karuhusiwa kikombe. Mtu anayedhoofika kila siku, ambaye kutwa anakaa kiu imemshika koo, umpe kikombe chake kimoja cha maji matupu, maji yasiyo na kitu? Raheli akawaza kama walivyowaza mama yake na bibi yake: nguvu ya mboga iko kwenye maji yake. Kama ni kikombe kimoja tu, kiwe kikombe chenye nguvu.

Akawa anamwekea. Akayapooza, akakamulia limau kidogo, akafunika kwa kisahani. Kikombe hicho kikawa si cha mara mojamoja tena, maana mboga alimpa vijiko viwili tu kama alivyoambiwa, nyingine akala mwenyewe, lakini maji ya sufuria nzima aliyagawa, ya leo na ya kesho. Mimi nilikiona kikombe kile kwa macho yangu nilipokwenda kumjulia hali mgonjwa. Nikauliza nini, Raheli akasema, "Maji yake," nikaona ni maji. Gideoni alikuwa amekaa kwenye kiti cha kamba chini ya ukuta alioujenga mwenyewe. Alikishika kwa mikono miwili, akanywa funda dogo, akafumba macho.

"Mtani," akaniambia, "usimwone huyu mwanamke hivi. Ananiweka hai."

Raheli akatazama pembeni kwa aibu. Haki ya Mungu, alikuwa na furaha siku ile. Nikikumbuka ule uso wake roho inaniuma mpaka leo.

Siku ikafika Gideoni hakuweza kuinuka kitandani. Miguu mizito, midomo imekufa ganzi, moyo unaruka na kutulia, unaruka na kutulia. Raheli alinitumia mtu sokoni, nikaacha nyanya zangu wazi, tukampakia kwenye bajaji, mimi huku yeye kule, mgonjwa katikati. Pale hospitali hawakuchelewa. Walimchoma sindano, wakampeleka kwenye mashine moja kwa moja. Jua lilipoanza kupoa wakatuambia amerudi, lakini damu yake ilikuwa imejaa kile kitu cha kwenye mboga, imejaa kupita kiasi, na hawajui kimetoka wapi. Wakamwita Ikram.

Ikram akaketi na sisi kwenye benchi la nje. Akauliza anakula nini. Raheli akaeleza bila woga, kwa sababu kosa hakuliona. Ugali kidogo. Kabichi. Spinachi mara moja moja, nimekata, nimechemsha, nimechuja, nimekamua.

"Vijiko vingapi?"

"Viwili."

"Matunda? Juisi? Karanga?"

"Karanga nimeacha. Juisi hapana. Anakunywa kikombe chake tu." Na hapo Raheli, mtu asiyejisifu, akajisifu. "Hata hicho simpi maji matupu. Nampa yale niliyochemshia mboga, apate nguvu."

Ikram alivua miwani. Mimi nilimwona anavyomeza mate, nikajua. Halafu yule binti akamshika Raheli mkono, akamweleza polepole kwamba tunapochemsha mboga, kile kitu tunachokiogopa hakipotei. Kinatoka kwenye jani kinahamia kwenye maji. Ndiyo maana ya kuchuja.

Raheli alisikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo nilikuwa nakitoa kwenye mboga," akasema, "nampa kwenye kikombe."

"Mama, hukujua."

"Nilikuwa nakitoa kule, nampa huku."

"Nilipaswa kukwambia uyamwage," Ikram akasema, na machozi yalikuwa yanamlengalenga. "Niliona ni kitu cha kujulikana. Kwetu ukishachuja unamwaga."

Basi pale wakakaa wawili, mmoja amekulia kwenye bomba, mwingine amekulia kwenye mchanga wa korongo, na hakuna wa kumlaumu. Mimi nina hasira za karibu, natafutaga mtu wa kugombana naye hata kwenye foleni ya maji. Siku ile nilitafuta sikumpata.

Tulipoingia wodini, Gideoni alikuwa macho. Alikuwa ameshasikia, sijui nani kamwambia, nadhani wauguzi walikuwa wanaongea pembeni ya kitanda. Raheli hakumsogelea. Alisimama kwenye mlango, mikono ameifunga ndani ya kanga kana kwamba imechafuka.

"Njoo," Gideoni akasema.

Hakwenda.

"Raheli. Kile kikombe ndicho nilichokuwa nakingoja kutwa nzima. Kwenye jua lote lile, kiu yote ile, nilikuwa najua jioni kitakuja. Sasa unataka nikuchukie kwa hilo?"

Ndipo akaenda, akakaa chini sakafuni, akaegemeza kichwa kwenye godoro. Gideoni akanitazama juu ya kichwa cha mkewe, akaniita kwa kidole. Niliinama.

"Mtani, mdomo wako naujua. Hili lisifike Mvumi. Lisimfikie Paulina."

Paulina ni dada yake, mkubwa wake, mwanamke wa mashine ya kusaga, sauti yake na ile mashine huwezi kuzitofautisha. Tangu zamani alikuwa anasema kaka yake kaoa mwanamke mkimya, na mkimya anaficha. Nikamwambia Gideoni, "Shemeji, mdomo wangu una kelele, lakini una mlango." Akacheka, kicheko cha pumzi tu.

Raheli hakupika tena spinachi. Sisemi alipika akamwaga maji. Hapana. Hakupika kabisa. Aliogopa hata kuishika. Alinunua kabichi kwa watu, yeye mwenye matuta, akaipika bila kuionja, anauliza mara tatu kama hii inafaa. Upande wake wa meza pale sokoni ukabaki mtupu, nikawa napanga nyanya zangu hapo ili mtu mwingine asiuvamie. Nilikwenda bondeni siku moja nikakuta spinachi zimetoa vikonyo virefu, zinachanua, mbuzi wa watu wamezitafuna upande. Nikalia palepale, mimi na mbuzi.

Gideoni hakuamka tena sawasawa. Kiangazi kilipopamba moto, upepo wa vumbi ukiwa haupumziki, alikwenda kwenye mashine asubuhi, moyo ukasimama, na safari hii haukurudi. La kuvunda halina ubani. Daktari alimwita Raheli, mbele yangu, akamwambia kwamba ugonjwa ulikuwa mkubwa tangu walipoukuta, moyo ulikuwa umeshachoka na presha, na hakuna mtu duniani anayeweza kusema ni kikombe. Alisema vizuri, kwa utu. Raheli akamwitikia, "Ahsante, daktari." Kwenye bajaji akanigeukia.

"Jaha, ni mkono wangu?"

"Si mkono wako."

"Umejuaje?"

Nikamwambia tena si mkono wake. Akageukia nje akatazama barabara, na hakulia. Alikuwa hajalia tangu asubuhi, na hakulia siku ile wala iliyofuata, na watu walishaanza kuliona hilo.

Tulimzika Mvumi, kwao. Mimi Mwislamu, mtani, nilikwenda na kazi yangu. Asiyejua mambo yetu anaweza kushangaa, lakini mtani msibani ndiye mwenye ruhusa ya kuvunja huzuni. Nilivaa kofia ya Gideoni yenye saruji, nikashika mwiko wake wa kazi, nikatembea kama alivyokuwa anatembea, kifua mbele, nikapiga ukuta wa nyumba ya urithi nikisema, "Nani kajenga huu? Umepinda! Ubomolewe!" Wazee wakacheka huku wanafuta macho. Hata mchungaji alicheka. Raheli alikuwa amekaa mkekani na kanga nyeusi kichwani, hakucheka wala hakulia.

Baada ya kutoka makaburini, watu wengi, jua kali, wanawake wakawa wanapika nje, nyuma ya nyumba, na mkeka wa mfiwa uko karibu na moto. Paulina ndiye msimamizi. Ndugu waliotoka mjini walikuwa wamepitia bondeni, wakaona spinachi ya Raheli bado ina majani ya chini, wakachuma magunia, wakidhani wanasaidia. Paulina akaikatakata yote na wenzake, ikaingizwa kwenye sufuria kubwa, ikatokota. Na huku anakoroga anasema, sauti ya mashine ile:

"Kaka yangu alikuwa mtu wa miraba minne. Nimemwona kwenye jeneza, ni mifupa. Sijui huko mjini walikuwa wanampa nini." Akaendelea, "Haya, mboga imeiva. Ikamueni. Maji yake msimwage, mniwekee hapa, tutasongea ugali wa watoto."

Raheli akainuka.

Mfiwa hainuki. Mfiwa anakaa, watu wanamfuata yeye. Lakini aliinuka, kanga ikaanguka mabegani, akatembea moja kwa moja mpaka motoni kama mtu aliyeitwa jina. Akashika sufuria ile kwa pindo za nguo, mwanamke mwembamba vile sijui nguvu aliipata wapi, akaibana kwa mfuniko, akaiinamisha. Maji yote yakaenda chini. Ya kijani, yanafuka mvuke, yakapita kwenye vumbi, yakafika miguuni kwa Paulina.

Mvumi, kiangazi, dumu la maji linatoka mbali kwa baiskeli, na mtu kamwaga sufuria nzima ardhini.

"Raheli!" Paulina akapiga kelele. "Umeingiwa na nini? Maji! Unamwaga maji ya mboga? Nani kakufundisha?"

Raheli akafungua mdomo. Nilimwona, na nilijua kinachotoka. Alikuwa anakwenda kusema. Kikombe, limau, kisahani, vyote, mbele ya ukoo mzima wa mume wake, na Paulina yuko pale na mwiko mkononi. Alikuwa anataka kuhukumiwa, na pale wangemhukumu.

Sijui niliruka vipi. Mimi ni mnene, magoti mabovu. Nilijikuta katikati yao na kofia ya Gideoni kichwani.

"Mwacheni!" nikapiga yowe. "Mwacheni, Wagogo wachoyo nyie! Babu yangu alipita hapa hapa Ugogo, pembe ya ndovu begani, ulimi umemkauka kama kandambili. Wazee wenu wamekaa juu ya visima na mikuki. Wakamtoza hongo! Kwa kibuyu kimoja! Cha tope! Mlidhani tumesahau? Gideoni kaniachia wosia kitandani, kasema mtani usiondoke Mvumi mpaka maji ya babu yako yarudi. Na nyie nyote hakuna hata mmoja mwenye haya, ni huyu mjane peke yake. Mwageni! Bado hayajatosha! Leteni na dumu lile!"

Nikachota kata kwenye dumu, nikaimwaga juu, ikanirudia kichwani mwangu mwenyewe. Mzee mmoja akaanza kucheka, akakohoa, akashika mbavu. Wanawake wakafuata. Paulina alijizuia, alijizuia kweli, halafu akapiga paja lake kwa kiganja.

"Mnyamwezi mwizi wewe! Mpaka kwenye msiba unatuibia maji!"

"Nimewaibia kidogo. Bado deni la kamba ya kibuyu."

Walikuwa wanacheka wote. Nikamgeukia Raheli. Mabega yake yalikuwa yanatikisika, vile vile kama sokoni, nikadhani na yeye kacheka. Akainua uso. Alikuwa analia, hatimaye analia, mdomo wazi, sauti haijatoka bado. Nikamkumbatia na maji yangu yote yanachuruzika. Sauti yake ikatoka, uso kauzamisha shingoni mwangu.

"Nimeyamwaga, Jaha."

"Nimeona."

"Yalikuwa mengi."

"Nimeona, mama. Nimeyaona yote."

Wengine walidhani ni kilio cha mjane tu, kile walichokuwa wanakingoja, wakapokea, uwanja mzima ukalia naye. Paulina naye akaweka mwiko chini akalia. Tukalia mpaka tukachoka, moto ukataka kuzimika. Ndani ya sufuria mboga ilikuwa imebaki imekauka, nzito, haina mtu wa kuisemea. Paulina akafuta pua na ncha ya kanga, akaitazama, akamtazama wifi yake. Akauliza kwa sauti ndogo ambayo sikujua anayo, "Sasa hii tunaifanyaje?"

Raheli aliniachia, akarudi mkekani, akaketi, akajitanda kanga yake.

"Sasa ungeni," akasema.

Paulina akaweka mafuta motoni.